Dada wa Kasulu, mikono yako haina kosa, gurudumu ndo sio la pamba

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Kasulu, nalifupisha: "Mwalimu shikamoo. Sisi ni kikundi cha akina mama kumi na wawili, tunafuma vitambaa vya meza na mikoba. Mwaka jana ndugu yetu alitoka Ulaya akatuletea gurudumu la kusokotea uzi, la mbao, zuri kweli, unakanyaga kwa mguu. Pamba tunaitoa Igunga kwa shemeji yangu. Sasa kila tukisokota uzi unanyonywa ndani kabla haujakaza, ukiushikilia unakatika. Wenzangu wanasema mimi sina mikono. Nimeangalia mtandaoni nimeona ya kila aina, ya kulala, ya kusimama, ya kwenye sanduku, mpaka ya umeme, nimechanganyikiwa. Tuuze hili tununue lipi? Na sufi ya kwenye mito inasokotwa?" Ameambatanisha na picha tatu.

Marahaba dada, na mwangaluka kutoka huku Tabora. Asante kwa picha, bila zile ningejibu hewani tu. Ile ya pili uliyopiga kwa karibu ndo imenimalizia kazi, naona kile kikanda cha ngozi kimepita juu ya bomba la mbele pale uzi unapoingilia, na kamba ya gurudumu naiona imeshika bobini peke yake, yaani kile kigurudumu kinachoviringisha uzi. Hapo nikajua. Wenzako waambie wakuombe radhi, hata mimi ningekaa kwenye hilo gurudumu na pamba ya Igunga ingenikatikia, na mimi hii kazi nimeifanya tangu nilipoacha ufundi baiskeli pale Isevya, miaka mingi sasa.

Kabla ya kununua kitu chochote naomba uelewe kwanza hivi vitu vinafanyaje kazi, maana ukielewa hutahangaika na majina, mtandaoni majina yamejaa na mengi yanaelezea sura tu. Gurudumu limelala, limesimama, lina miguu mitatu au minne, hiyo ni habari ya nafasi ulonayo ndani na macho ya seremala aliyelitengeneza. Uzi haujui gurudumu limekaa upande gani. Uzi unajua vitu viwili: unazungushwa kwa kasi gani, na unavutwa kwa nguvu gani. Basi.

Chukua pamba kidogo, chomoa unyweleo mmoja uuangalie. Hii pamba yetu ya kanda ya magharibi unyweleo wake ni kama milimita 28 hivi, haufiki hata urefu wa kidole gumba. Sufu ya kondoo wa Ulaya unyweleo ni sentimita saba, kumi, na zaidi. Katani ndo usiseme, inaenda mpaka karibu mita. Sasa uzi ni nini, uzi ni hivyo vinyweleo vimeng'ang'aniana kwa sababu vimesokotwa, havina gundi. Vikiwa virefu vinashikana hata kwa msokoto mchache, vikiwa vifupi vinataka msokoto mwingi sana la sivyo vinateleza vinaachiana, na hapo ndo unaona uzi "umekatika" kumbe haujakatika, umeachiana tu. Angalia ncha yake ukiona imechongoka laini kama mkia wa panya ujue umeachiana, msokoto haukutosha. Ukiona imekatika butu ndo umekatika kweli. Nina uhakika zako zote ni mkia wa panya.

Kwa hiyo pamba inataka kasi kubwa na mvuto mdogo. Gurudumu lako lina kasi ndogo na mvuto mkubwa. Yaani kinyume kabisa.

Kasi unaipima hivi, funga kauzi kekundu kwenye bobini, zungusha gurudumu kubwa kwa mkono raundi moja tu taratibu, hesabu kauzi kamepita mara ngapi. Kwa picha ninavyokadiria gurudumu lako ni sentimita 45 hivi na puli ya bobini kama 7, utapata sita na kidogo. Sasa piga hesabu na mimi, ukikanyaga mara 60 kwa dakika bobini inazunguka mara 360. Uzi mwembamba wa pamba unataka kama misokoto 8 kwenye kila sentimita, kwa hiyo 360 gawanya kwa 8 unapata sentimita 45. Dakika nzima unakanyaga unapata uzi usiofika hata nusu mita! Wewe kwa sababu hujui unaachia uende haraka kuliko hapo, lazima uachiane. Mzungu aliyelitumia kwa sufu nene alikuwa anahitaji msokoto mmoja au miwili tu kwa sentimita, kwake hilo lilikuwa linaruka.

Haya tuje kwenye mvuto, hapa naomba uvumilivu maana ndo penye siri na ndo watu wengi hawaelezwi.

Magurudumu yote ya kusokotea yapo ya ukoo wa aina mbili. Ukoo wa kwanza ni wa kijiti kilichochongoka, mimi nakiita pia kwa sababu kinazunguka kama pia ya watoto. Gurudumu linazungusha pia, uzi umefungwa kwenye pia, wewe unaushika kwa mshazari kuelekea ncha, kila pia ikizunguka mara moja uzi unaruka kwenye ncha na kupata msokoto mmoja. Ukishapata urefu wa mkono unarudisha kidogo nyuma kuutoa kwenye ncha, unauleta wima wa mraba na pia, unauviringisha, halafu unaanza tena. Hapo uzi hauvutwi na kitu chochote. Ni mkono wako tu, ukitaka kuuvuta unauvuta, ukitaka ukae unakaa mpaka ushibe msokoto. Kasoro yake ni moja, unasokota unasimama, unasokota unasimama.

Ukoo wa pili ni wa flaya na bobini, ndo huo ulionao. Flaya ni ile mbao ya umbo la U yenye ndoano ndogondogo, na bobini imekaa katikati yake, kama bobini ya cherehani ila kubwa. Hapa uzi unasokotwa na kuviringishwa kwa wakati mmoja, husimami, kazi inakwenda mfululizo. Ulaya ulionekana kwenye michoro miaka ya 1480 huko Ujerumani, na mpaka leo ukimwambia mtu gurudumu la kusokotea huo ndo anaouona kichwani. Lakini ili uzi uviringike lazima flaya na bobini zizunguke kwa mwendo tofauti, zikienda sawa hamna kinachoviringika, na huo utofauti ndo unaoleta mvuto. Sasa mifumo ya kuuleta huo utofauti ipo mitatu.

Wa kwanza ndo wako, kamba inazungusha bobini, flaya inafungwa breki na kile kikanda cha ngozi. Watu wanaita mkazo wa Kiairishi, wengine wa Kijerumani, jina lolote sawa. Fikiria kinachotokea: bobini inakimbia, flaya haina kinachoizungusha isipokuwa uzi wenyewe. Umeelewa hapo? Uzi wako mchanga ambao haujakaza ndo unaburuza lile dude la mbao lenye ndoano lizunguke! Ni kama umemfunga mtoto wa jana jembe la kukokotwa. Kwa uzi mnene wa sufu ni raha tupu, linanyonya haraka unajaza bobini mchana mmoja. Kwa pamba nyembamba ni msiba.

Wa pili, kamba inazungusha flaya, na bobini ndo inafungwa breki, kauzi kembamba kanapita juu ya bobini kenye springi ndogo au raba na kigingi cha kukazia. Huu wanauita wa Kiskoti. Uzi unaburuza bobini tu, ambayo ni nyepesi, na breki unaweza kuilegeza mpaka ikawa inagusa tu. Ukitaka gurudumu la kukanyaga na utasokota pamba, tafuta hili.

Wa tatu kamba moja ndefu inakunjwa inazunguka mara mbili, raundi moja kwenye puli ya flaya nyingine kwenye puli ya bobini, ya bobini ni ndogo kwa hiyo inakimbia zaidi. Ni zuri, uzi unatoka sawasawa, ila kulipanga kunataka subira na kamba isiyokuwa na fundo. Wazee wa huko Ulaya waliokuwa wakisokota kitani walilipenda sana. Kwa kikundi kinachoanza simshauri mtu.

Yale majina mengine nayapitia haraka. Lile la kuinama lenye miguu mitatu, gurudumu upande mmoja na bobini upande mwingine, wanaliita Saxony. La kusimama lenye bobini juu ya gurudumu linaitwa kasri, linafaa chumba kidogo. La Kinorwe lina benchi lililonyooka. Yote hayo matatu unaweza kukuta na mfumo wowote kati ya hiyo mitatu niliyotaja, ndo maana nakwambia muuzaji akikuandikia jina la sura tu mwulize: kamba imeshika nini, na breki imeshika nini? Akishindwa kujibu hajui anachouza.

La umeme ni flaya na bobini ileile, mguu wako umebadilishwa na mota ndogo, nyingi zinakula volti 12 kwa hiyo hata betri ya sola inaendesha. Linafaa mtu mwenye magoti mabovu au anayeuza uzi kila siku. Kwenu bado.

Halafu kuna lile gurudumu refu la kusimama nalo, kipenyo zaidi ya mita, msokotaji anazungusha kwa mkono huku anarudi kinyumenyume chumba kizima, kisha anarudi mbele kuviringisha. Hilo ni ukoo wa pia. Kwa siku alikuwa anatembea kilomita nyingi bila kutoka nje. Picha zake nzuri, ila wewe una nyumba ya kurudi kinyumenyume?

Sasa la kwenye sanduku. Hilo ndugu yangu ndo lina hadithi, na ndo lililotengenezwa kwa ajili ya pamba haswa. Wahindi wana gurudumu lao la chini linaitwa charka, ukoo wa pia, mtu anakaa chini mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unavuta uzi. Gandhi alipoanza kuwahimiza Wahindi wavae nguo za uzi wao badala ya vitambaa vya Uingereza, charka ikawa alama ya harakati, ile bendera ya chama chao cha Congress ya mwaka 1921 ilikuwa na charka katikati. Tatizo charka ya kawaida ni kubwa, huwezi kusafiri nayo. Mwaka 1929 wakatangaza zawadi ya rupia laki moja kwa atakayebuni charka bora zaidi, na lile la sanduku Gandhi mwenyewe alilifanyia kazi akiwa gerezani Yerwada, ndo maana mpaka leo wanaliita jina la gereza. Ukilifungua lina magurudumu mawili yamelala, kubwa na dogo. Kubwa linazungusha puli ndogo ya la pili, la pili linazungusha pia. Uzuri wake kasi zinazidishana hazijumlishwi, la kwanza likiwa na mara 8 na la pili mara 10 unapata 80! Raundi moja ya mkono pia inazunguka mara 80. Hapo pamba inasokotwa mpaka uzi unakuwa mwembamba kama nywele.

Lakini sikuambii uagize India. Nakwambia nenda kwa fundi baiskeli.

Sisi huku Tabora na nyie Kigoma, kama kuna kitu hatujapungukiwa ni baiskeli mbovu. Chukua ringi ya nyuma ya namba 28, ile ya Phoenix, toa tairi na tyubu, bakiza spoku na habu yake. Pale tairi lilipokuwa linakaa tayari ni mfereji, kamba inakaa humo haitoki. Kipenyo cha mfereji chukulia sentimita 60. Sasa chonga puli ndogo ya mbao ya sentimita 2, itie kwenye pia. 60 gawanya kwa 2 ni 30. Umepata mara 30 kwa ringi moja tu, hamna gia hamna mbwembwe. Rudi kwenye hesabu yetu: raundi 60 kwa dakika mara 30 ni 1,800, gawanya kwa 8, unapata sentimita 225. Toa muda wa kuviringisha, bado umeliacha la Ulaya mbali sana.

Pia yenyewe tumia chuma cha mviringo cha milimita 6, urefu kama sentimita 25, mpe fundi wa kuchomelea akichongoe ncha kwa jiwe la kunolea, halafu ukisugue na msasa mpaka kiteleze kabisa. Spoku ni nyembamba mno kwa kazi hii, inapinda na kutetemeka, mimi nilijaribu nikapoteza wiki nzima. Kinachoshikilia pia kwenye nguzo zake wala usinunue beringi, suka maganda ya mahindi makavu kama unavyosuka nywele, toboa nguzo, pitisha, pia ikae humo, tone la mafuta. Usicheke, hata yale magurudumu marefu ya zamani ya Marekani yalikuwa yanatumia maganda ya mahindi hivyohivyo. Yakichakaa unasuka mengine.

Kamba ya kuzungushia ni uzi wa pamba mnene, usitumie nailoni inateleza na inavutika. Ukiona inateleza kwenye puli ipake nta ya nyuki kidogo, na nta kwa Tabora hata sikuelekezi, muulize mfugaji nyuki yeyote wa Sikonge atakupa bonge bure.

Fremu fanya ya mbao kavu. Narudia, KAVU. La kwangu la kwanza niliuziwa mbao nikaambiwa mninga mkavu wa mwaka mzima, kumbe ilikuwa na maji yake, nikaunga gurudumu likapendeza watu wakaja kupiga nalo picha, mwezi wa tisa jua la Tabora likaipindisha nguzo moja, kamba ikawa inaruka kila raundi ya tatu. Nilikaa nalo kama pambo. Mninga ukikauka sawasawa ni mbao mtulivu sana, haivimbi haisinyai hovyo, ndo maana mafundi wanaipenda, ila huna haja ya kununua ubao mzima, nenda kwenye karakana za samani okota vipande vya pembeni vilivyokaa dukani muda mrefu, hivyo vimekauka vyenyewe.

Jambo jingine kuhusu ringi ya baiskeli, ni nyepesi. Kwa gurudumu la mkono wepesi ni faida maana unasimama na kuanza kila mara. Ila mtu akikushauri uiwekee pedeli na mkono kama cherehani cha miguu itakusumbua, inakosa uzito wa kujivusha pale mguu unapofika chini, itakuwa inageuka inarudi kinyume. Ukitaka ya kukanyaga zungushia waya mzito ndani ya ringi pande zote sawasawa. Mimi ningeanza na ya mkono.

Sasa niseme kitu ambacho hukuuliza. Mko kumi na wawili. Hata mkipata gurudumu la ajabu namna gani, anakaa mmoja, kumi na moja wanaangalia. Zamani kule Uingereza kabla ya mashine mfumaji mmoja alikuwa anahitaji wasokotaji kadhaa ndo apate uzi wa kumtosha, na ile mashine ya kusokotea ya Mwingereza Hargreaves ya miaka ya 1760 ilianza na pia nane kwa mpigo kwa sababu hiyohiyo, uzi ulikuwa hautoshi. Kwenu mtakwama palepale. Kwa hiyo kila mama awe na pia yake ya mkononi, ile ndogo Wahindi wanaiita takli, kijiti cha chuma kama sentimita 18 chenye kidude kizito cha mviringo karibu na chini, ncha ya chini inazungukia kwenye bakuli au kisahani, unaizungusha kwa vidole kama pia ya watoto. Hapa spoku ya baiskeli inafaa kabisa, maana haivutwi na kamba, pinda ncha ya juu iwe ndoano. Kidude kizito mimi natumia zile senti kumi za mkoloni zenye tundu katikati, wazee wanazo kwenye makopo, tundu ni kubwa kuliko spoku kwa hiyo unajazia nta ukaiweka katikati vizuri. Ukikosa, kipande cha kibuyu au gae la chungu ulilolisugua mviringo.

Hilo la gae sijalitunga. Kilwa wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati, vilikuwa vya kusokotea pamba, karne nyingi kabla ya mzungu yeyote. Na huku kwetu yule msafiri Mwingereza Richard Burton alipofika Kazeh, yaani hapahapa Tabora, mwaka 1857 kabla hajaendelea Ujiji kwenu, aliandika kuhusu mitambo ya kufumia nguo za pamba aliyoikuta Unyamwezi, na mchoro wake umo kwenye kitabu chake. Ule uzi ulitoka wapi? Mikononi mwa watu. Kwa hiyo wakikwambia kusokota ni mambo ya wazungu, unalo jibu.

Gurudumu lako msiliuze. Litumieni kuunganisha. Uzi mmoja uliosokotwa ni kiherehere, unajikunja, ukifumia kitambaa kinaenda upande. Mnasokota nyuzi mbili kwenye takli au kwenye gurudumu la ringi, zote kuelekea kulia, kisha mnazipitisha pamoja kwenye hilo la Ulaya mkizungusha kuelekea kushoto. Hapo mvuto wake mkubwa ni neema, uzi tayari una nguvu, kasi ndogo inatosha, na bobini inajaa haraka. Na nyuzi nene za mikoba nazo zifanyieni hukohuko.

Kama bado una ubishi unataka lisokote pamba, legeza kile kikanda cha ngozi mpaka kiwe kinagusa tu. Viringisha vitambaa kwenye kiini cha bobini kiwe kinene kabla ya kuanza, kiini kinene kinapunguza mvuto, kile chembamba ndo kinang'oa uzi. Kisha pitisha uzi kwenye ndoano za upande mmoja wa flaya halafu uuvushe upande wa pili ndo uingie kwenye bobini, kila kona inakula nguvu kidogo. Utapata uzi, mnene mnene, ila utapata.

Vitu viwili vya pamba yenyewe. Kasulu mna unyevu kuliko sisi, huku kwetu mwezi wa saba mpaka wa tisa hewa inakauka mpaka pamba inapeperuka na kushika nguo, uzi unakatika hata kwa fundi, viwandani kwenyewe wanatia unyevu makusudi. Na kwenu hewa ikikauka sokoteni asubuhi, au nyunyizieni sakafu maji. Na uzi ukishamalizika uchemsheni kwenye maji yenye sabuni kama saa moja, msokoto unatulia na ule mafutamafuta wa asili wa pamba unatoka, maji yatageuka rangi ya chai msiogope.

Sufi ya mito hapana. Najua inadanganya, laini, nyeupe, inang'aa, na jina linataka kufanana na sufu. Sufi ya mti unyweleo wake unateleza na unavunjika, haukamatani, ndo maana inajaza mito tu. Na manyoya ya kondoo wa hapa kwetu usihangaike, kondoo wetu wana nywele kama mbuzi, sio sufu.

Jambo la mwisho ni la shemeji. Mwambie asikuletee pamba iliyoshindiliwa. Ile ikishabanwa kwenye robota vinyweleo vinalala na kushikamana, utaichana mpaka uchoke. Akutolee pamba mbegu ilivyotoka shambani, safi, kavu, kwenye gunia lisilojazwa, mbegu mtazitoa wenyewe kwa kuviringisha fimbo ya chuma juu ya ubao. Kwenye kilo tatu za pamba mbegu mtapata kama kilo moja ya nyuzi, kwa hiyo aongeze kipimo. Na kwenye basi asilikalie hilo gunia, mashemeji nawajua, Igunga mpaka Kasulu ni mbali na kiti cha basi kigumu.